Kamera Ilikuwa Upande wa Mwenye Shamba: Historia Fupi ya Dokumentari na Majani Chai ya Kericho

Mtu akiniuliza teknolojia imebadilisha nini vijijini kwetu Kenya, kwa kawaida anatarajia nitaje M-Pesa. Leo sitaitaja. Nataka kuzungumzia kamera, hasa kamera iliyoingia katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet: nani aliileta, alilipwa na nani, na picha zake zilikwenda kuonyeshwa wapi. Nitaanza mbali kidogo, kwa hiyo ndugu msomaji vuta kiti. Kama una chai mkononi, ni bora zaidi.

Tarehe 20 Februari 2023 shirika la BBC lilirusha filamu ya hali halisi, yaani dokumentari, inayoitwa Sex for Work: The True Cost of Our Tea. Ilitengenezwa kwa ushirikiano wa kitengo cha BBC Africa Eye na kipindi cha Panorama, na mwandishi wake alikuwa Tom Odula, Mkenya. Zaidi ya wanawake 70 walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao katika mashamba ambayo kwa miaka mingi yaliendeshwa na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwa mwanahabari wa kike wa Kenya aliyepewa jina la kupanga, Katy. Alikwenda kutafuta kazi ya shamba kama mtu yeyote asiye na kazi, akiwa na kamera iliyofichwa. Kamera ile iliona alichotakiwa kutoa ili aandikwe kazi.

Swali langu ni hili: mashamba haya yana umri wa miaka mia moja hivi, na sinema ina umri mkubwa kuliko hayo. Kwa nini picha ya namna hii ilichelewa mpaka 2023, na kwa nini ilibidi ichukuliwe kwa kujificha?

Tuanze na ardhi. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwapa maafisa wa Kiingereza waliolemazwa na Vita vya Kwanza vya Dunia ekari 25,000 katika nchi ya Wakipsigis, Kericho. Walipanda kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katika miaka ya 1920 ardhi ile ikaingia mikononi mwa Brooke Bond na James Finlay, wakapanda chai. Wenyeji walisukumwa kwenye hifadhi, na mwaka 1934 sheria maalumu ikatungwa ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, mpaka Gwassi karibu na Ziwa Viktoria. Ni familia nzima nzima, wazee kwa watoto. Malalamiko yao yalifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2022.

Sasa ushike huo mwaka 1934, maana ndio mwaka ambao chai na dokumentari zilifunga ndoa.

Neno dokumentari lilienezwa na Mskoti mmoja, John Grierson, kuanzia mwaka 1926. Grierson aliamini kwamba filamu ya mambo ya kweli inaweza kumfundisha raia kuhusu dunia yake. Lakini filamu ni ghali, na nani angelipa? Alilipa mwenye bidhaa. Mwanafunzi wake Basil Wright alipelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kwa fedha za bodi iliyoundwa kuitangaza chai ya kisiwa hicho. Akarudi na Song of Ceylon, filamu ya 1934 ambayo mpaka leo wanafunzi wa filamu huonyeshwa darasani. Mwaka 1935 ilipata tuzo ya kwanza mjini Brussels. Ni filamu nzuri kweli. Sehemu yake moja inaweka sauti za bei na maagizo ya biashara juu ya picha za watu wakifanya kazi, na mtazamaji makini anaanza kujiuliza maswali. Lakini mwisho wa yote mlipaji alikuwa muuza chai, na mchuna chai hakuulizwa neno.

Kwa hiyo ukisikia watu wakisema dokumentari ilizaliwa kupigania wanyonge, jibu kwa upole kwamba moja ya filamu zilizoijengea jina ilikuwa tangazo la majani chai.

Huku kwetu mambo yalikuwa ya wazi zaidi. Leslie Notcutt, meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, alianza mwaka 1926 kufikiria kwamba sinema ya shambani ingesaidia kuwafanya vibarua waridhike na kazi. Soma sentensi hiyo mara mbili. Sinema ilikuja shambani kama dawa ya kutuliza wafanyakazi, hata kabla ya kuwa elimu. Kati ya 1935 na 1937 Notcutt na Meja Geoffrey Latham waliendesha mradi wa filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Walitengeneza kama filamu 35 fupi kuhusu kilimo, afya, kodi na akiba ya posta, na gari lao la sinema lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mimi kama mwandishi wa programu navutiwa na jinsi walivyotatua tatizo la lugha. Filamu ya milimita 16 ilipigwa bila sauti, na sauti ikawekwa kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Ukibadilisha sahani, filamu ileile inasema lugha nyingine. Huo ni usanifu safi kabisa: data upande mmoja, lugha upande wa pili. Leo tunafanya vivyo hivyo tunapotafsiri programu za simu, tunaacha msimbo kama ulivyo na kubadilisha faili la maneno tu. Ufundi ulikuwa mzuri. Kasoro ilikuwa kwenye yale waliyotaka kuyasema na watu waliotaka kuwaambia.

Mwaka 1939 Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers. Sellers alikuwa na nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida: picha ziende polepole, kusiwe na hila za kamera, jambo moja limalizike ndipo lingine lianze. Ni mfano wa kale wa kosa tunalolijua sana katika kazi yetu, kumtengenezea mtumiaji kitu huku umeshaamua kwamba ni mjinga. Na kama kawaida ya kosa hilo, mtumiaji hakuulizwa.

Uhuru ulipokuja, kamera haikuhama upande mara moja. Chuo cha Mawasiliano ya Umma, KIMC, kilianzishwa Nairobi mwaka 1961 na kikafundisha wapiga picha wengi wazuri, ila kazi ilikuwa serikalini. Tena kulikuwa na sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, iliyopitishwa mwaka 1962, ilimtaka anayeomba leseni ya kupiga filamu awasilishe maelezo kamili ya matukio yote na maneno yote yatakayosemwa. Hebu fikiria. Dokumentari ni kwenda kuona kitu usichokijua. Utaandikaje mapema maneno ambayo mama mchuna chai bado hajayasema?

Juu ya sheria kulikuwa na geti. Shamba kubwa la chai si kijiji. Ni mali ya mtu, lina walinzi, na nyumba anamolala mfanyakazi ni ya kampuni, mara nyingi pamoja na shule na zahanati. Mwenye kamera aliingia kwa ruhusa ya meneja, na meneja alichagua aonyeshe nini. Ndiyo maana picha za Kericho tulizozizoea ni zilezile: kijani mpaka upeo wa macho, wachunaji wamejipanga, vikapu mgongoni, mvua ya alasiri ikija. Si uongo. Ila zote zimepigwa kutoka upande mmoja wa geti.

Kilichobadilisha hali ni bei na ukubwa wa vifaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kinasa sauti cha Nagra kiliwezesha kunasa sauti nzuri kwa kifaa cha kubebwa begani. Mwaka 1995 ukaja mkanda wa MiniDV, na mtu mmoja akaweza kupiga na kuhariri filamu kwa kompyuta ya nyumbani. Mwaka 2003 kanuni ya kubana video ya H.264 ilikamilishwa, na bila hiyo video kwenye simu na intaneti ya polepole ingekuwa ndoto. Mwaka 2008 kamera ya picha ya Canon 5D Mark II ilianza kupiga video yenye sura ya sinema. Kisha simu. Mwezi Mei 2023, wakazi wa Kericho wenye hasira walipochoma mashine za kuchuna chai zilizokuwa zikichukua nafasi ya mikono ya watu, dunia iliona moto ule kwa video za simu. Hakuna aliyesubiri gari la sinema kutoka Vugiri.

Lakini nisikudanganye kwamba kifaa peke yake kilitosha. Mwaka 2007 shamba la Unilever la Kericho lilipata cheti cha Rainforest Alliance, ile nembo ya chura unayoiona kwenye pakiti. Mwaka 2011 shirika la utafiti la SOMO la Uholanzi lilitoa ripoti kuhusu shamba hilohilo, na ndani yake wafanyakazi walizungumzia unyanyasaji wa kingono na rushwa ya kupata kazi. Unilever ilitangaza kwamba haitavumilia tabia hizo. Miaka zaidi ya kumi ikapita. Katy alipoingia mashambani na kamera yake, aliyakuta yaleyale.

Ripoti ilisema, na filamu ikasema. Tofauti ni kwamba maneno ya ripoti yanaweza kujibiwa kwa maneno mengine. Kampuni inaandika barua, inaunda kamati, inachapisha sera. Picha ya mtu akitoa sharti lake kwa sauti yake mwenyewe haijibiwi kwa sera. Baada ya filamu kurushwa, James Finlay ilimzuia mkandarasi mmoja aliyeonekana ndani yake. Starbucks ilisimamisha kununua chai ya kampuni hiyo. Wamiliki wapya wa mashamba yaliyokuwa ya Unilever, ambayo yaliuzwa Julai 2022, walisimamisha mameneja wawili. Bunge la Taifa liliagiza uchunguzi.

Na baadaye? James Finlay iliuza mashamba yake ya Kenya mwaka 2023 kwa Browns Investments ya Sri Lanka, na Mei 2024 ikatangazwa kwamba kampuni hiyohiyo inachukua mashamba ya Lipton, yaani yale ya zamani ya Unilever. Kutoka Ceylon mpaka Kericho, mduara umefunga. Mkulima wa Kikipsigis ambaye babu yake alihamishwa 1934 bado anapita nje ya geti, jina la ubaoni tu ndilo limebadilika.

Sasa nije kwenye upande ninaoufahamu vizuri, ule wa faili.

BBC Africa Eye ilianza 2018, na mwaka huohuo ilitoa Anatomy of a Killing, kuhusu video ya wanajeshi wakiua wanawake wawili na watoto wawili. Serikali ya Kamerun ilisema ni habari za uongo. Wachunguzi walichukua mstari wa milima unaoonekana nyuma ya video, wakaulinganisha na Google Earth, wakapata mahali penyewe, karibu na mji wa Zelevet kaskazini mwa Kamerun. Kwa picha za setilaiti, majengo na vivuli vya jua wakapata muda: kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 wanajeshi wanne walihukumiwa kifungo cha miaka kumi. Kazi ile ilifanywa kwa kiasi kikubwa na watu walioketi mbele ya kompyuta, wakitumia vitu ambavyo wewe na mimi tunaweza kuvifungua leo. Nilipoiona mara ya kwanza nilijisikia fahari kwa niaba ya fani yetu.

Halafu nikafikiria Kericho, fahari ikapungua. Mama anayetoa ushahidi kuhusu nyapara wake anakaa mbele ya nyumba yake. Uso umefunikwa. Lakini nyuma yake kuna kilima, mstari wa mikalitusi, paa la kiwanda. Mbinu ileile iliyomkamata muuaji wa Kamerun inaweza kumfikisha mtu mbaya mlangoni kwa mama huyu, tena bila Google Earth. Nyapara aliyezaliwa Konoin hahitaji setilaiti kukijua kilima cha Konoin. Mlima ni shahidi asiyechagua upande.

Kwa hiyo watu wanaotengeneza filamu hizi wana kazi mbili zinazovutana: kuthibitisha kila kitu, na kumficha aliyesema. Hapa mambo madogo ya kiufundi yanakuwa makubwa. Ule ukungu wa vigae vigae juu ya uso si kuficha kikamilifu, kwa sababu kila kigae kimebeba wastani wa rangi zilizokuwa chini yake, na programu inaweza kukisia. Mraba mweusi mtupu haubebi chochote. Sauti iliyonenepeshwa kwa kompyuta ni hesabu, na hesabu nyingi zinaweza kurudishwa kinyume. Mtu mwingine akisoma maneno yale, hakuna cha kurudisha. Kanga iliyoanikwa, mlio wa mbwa, jina la mtoto likiitwa jikoni, vyote ni data. Katika mji mkubwa ni kelele tu. Katika nyumba za kampuni, ambako kila mtu anamjua mwenzake, ni kitambulisho.

Na anayepiga filamu naye hayuko salama. Aprili 2025 BBC Africa Eye ilitoa Blood Parliament, kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi nje ya Bunge la Kenya tarehe 25 Juni 2024. Picha na video zaidi ya 5,000 zilichambuliwa. Siku chache baadaye, tarehe 2 Mei, watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi na vifaa vyao vikachukuliwa. BBC ilisema hawakuhusika na filamu hiyo. Septemba 2025 ikafichuka kwamba simu za wawili kati yao zilikuwa zimewekewa programu ya ujasusi ya FlexiSPY, kwa mujibu wa uchunguzi wa Citizen Lab ya Toronto, wakati zilipokuwa mikononi mwa polisi. Simu ya mtengeneza filamu si yake peke yake. Ndani yake mna namba za kila aliyemwamini. Kama una rafiki katika kazi hii, msaidie kusimba diski yake, na mwambie asiweke majina ya mashahidi na nyuso zao katika kifaa kimoja. Simu iliyorudishwa na mtu usiyemwamini usiiwashe na kuendelea kama kawaida.

Je, lazima kamera itoke BBC? Hapana. Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui, alipiga filamu ya maisha yake mwenyewe, ya mvua inayokataa kuja na ile inayokuja kubomoa, na akaifanya pamoja na Julia Dahr wa Norway. Thank You for the Rain ilitoka 2017. Judy Kibinge alianzisha Docubox Nairobi ili watengeneza dokumentari wa Afrika Mashariki wapate fedha na mafunzo bila kungoja ruhusa ya mtu. Sam Soko na wenzake walifika Sundance na Softie mwaka 2020, wakapata tuzo maalumu ya uhariri. Vipaji vipo.

Basi kwa nini Kericho haijapata Kisilu wake kutoka ndani ya shamba kubwa? Sidhani ni ukosefu wa simu. Kisilu analima shamba lake. Mchuna chai wa kampuni akifukuzwa kazi asubuhi, jioni hana nyumba pia. Ndiyo maana nadhani kamera ya kwanza ya wenyeji itatoka kwa mkulima mdogo wa Litein au Mogogosiek, anayepeleka majani yake kwenye kiwanda cha KTDA. Ana malalamiko yake tele kuhusu mizani na bonasi, na udongo anaosimama juu yake ni wake. Anaweza kusema na kesho akaamka palepale.

Jambo la mwisho, la utunzaji. Kati ya zile filamu 35 hivi za Vugiri, zinazojulikana kubaki ni tatu, na ziko Uingereza. Mkoloni mwenye fedha za Carnegie alipoteza zaidi ya tisa katika kila kumi. Sisi tunahifadhi ushahidi wetu kwenye WhatsApp, inayoibana video na kuondoa taarifa za lini na wapi ilipigwa, kisha simu inaanguka mtoni. Ukipiga kitu muhimu, hifadhi faili la asili kama lilivyotoka kwenye kamera, nakala tatu, moja mbali na nyumbani. Kisha lichukulie alama ya SHA-256. Programu inasoma faili lote na kukupa herufi na tarakimu 64. Biti moja ikibadilishwa, alama inatoka tofauti kabisa. Iandike kwenye karatasi pamoja na tarehe, umpe mtu unayemwamini. Haigharimu hata senti, na miaka kumi baadaye mbele ya hakimu inaweza kuwa jibu kwa wakili anayedai kwamba video yako imechezewa.

Mwaka 1926 sinema ilipangwa iletwe shambani ili kibarua atulie. Karibu karne moja baadaye mwanamke mmoja aliiingiza shambani kwa kificho ili kibarua asikike. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba safari ijayo haitamlazimu mtu kuificha.